Huruma ya Mungu na Mtu wa Njiani

Barabara ni mwalimu wa watu wakaao kando yake. Nanyala ni kata ya Wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, katika nchi ya Wanyiha. Imepitiwa na barabara kuu itokayo Dar es Salaam, ikipita Morogoro, Iringa na Mbeya, hata kufika Tunduma mpakani, ambako malori huvuka kuingia Zambia na kuendelea na nchi za mbele yake. Watu wa wilaya hii ni wakulima wa mahindi, maharage na kahawa. Majira yao ni ya mvua na mavuno. Walakini usiku na mchana masikio yao husikia mngurumo wa magari wasiyojua yatokako wala hawatayaona tena. Katika sehemu hiyo uko mteremko wa Senjele, ambao jina lake limetajwa mara nyingi katika habari za ajali. Kwa hiyo mkazi wa Nanyala aweza kulala akiwa mkulima, akaamshwa usiku kwa kishindo, na kabla ya alfajiri akawa ama mwokozi ama mwizi. Nafasi iliyo kati ya mambo hayo mawili ni ndogo kwa miguu lakini kubwa kwa roho, na ndiyo itakayochunguzwa hapa.

Kanisa Katoliki hufundisha kuwa yampasa mwamini kuwashirikisha wenziwe huruma ya Mungu. Neno hili husikiwa mara nyingi katika mahubiri, hata limekuwa laini masikioni kama jiwe la mtoni lililosuguliwa na maji. Lakini likishikwa na kupimwa huonekana kuwa zito. Kitu cha kushirikisha ni lazima kwanza kiwe mkononi mwa mwenye kushirikisha. Mkulima hugawa mahindi yaliyomo ghalani mwake. Je, huruma ya Mungu imo ghalani mwa nani? Tena, ikiwa jambo linalotakiwa ni kumsikitikia aliyeumia tu, basi hilo hufanywa na kila mwenye moyo, awe Mkristo, Mwislamu au mtu asiye na dini. Wala haukuhitajiwa ufunuo wowote kulifundisha. Hapana budi moja katika mawili liwe kweli: ama huruma ya Mungu ina tofauti na masikitiko ya kawaida, ama maneno ya mahubiri ni pambo tupu.

Lugha ya Kiswahili yatoa mwanga wa kwanza. Msemaji wake akitaka kueleza kuwa moyo umemwelekea mtu aliye taabuni, husema kuwa amemwonea huruma. Shina la usemi huo ni kuona. Jicho huona kitu; kauli ya kutendea huugeuza mwono huo ukamwelekea mtu, na kuona kukawa kuonea. Lakini kauli hiyo moja ina njia nyingi. Mtu huonewa huruma, mtu huonewa wivu, mtu huonewa haya. Na ikiachwa peke yake, pasipo jina la kuifuata, maana yake ni dhuluma, kama isemwapo kuwa mwenye nguvu amemwonea mnyonge. Wenye kuitumia lugha hii kila siku huenda wasilifikiri jambo hilo, walakini limo ndani yake: tendo la kumtazama mtu aliye chini laweza kuzaa huruma, na laweza kuzaa uonevu. Macho ni yale yale. Kinachotenganisha ni neno linalofuata.

Na uchukuliwe mfano. Lori limepinduka usiku kwenye mteremko. Shehena yake ni sukari. Dereva amebanwa na usukani, na utingo wake ametupwa majanini. Watu watoka nyumbani mwao: mmoja amekuja na tochi, wa pili na panga, wa tatu na gunia tupu. Wote watatu wameona jambo moja. Katika hadithi ya Msamaria, iliyomo katika Injili ya Luka, kuhani aliona, Mlawi aliona, na Msamaria aliona. Hapana hata mmoja aliyelaumiwa kwa upofu. Ndivyo ilivyo na kando ya barabara. Tochi ya mwenye kutafuta sukari na tochi ya mwenye kutafuta majeruhi zatoa nuru moja. Panga lile lile laweza kukata kamba za shehena, na laweza kukata tawi la kutengenezea machela. Ikiwa ni hivyo, sababu ya tofauti haimo katika macho wala katika vyombo, bali katika hesabu ambayo kila mmoja ameifanya moyoni mwake kabla mikono haijanyoshwa.

Hesabu hiyo ilichunguzwa zamani na wenye hekima. Aristotle wa Uyunani, katika kitabu chake juu ya ufasaha, alieleza kuwa masikitiko ni maumivu ampatayo mtu anapoona baya limemfikia asiyestahili, tena baya ambalo mtazamaji adhani laweza kumfikia yeye mwenyewe au mtu wake. Maelezo hayo ni ya kweli kwa moyo wa mwanadamu kama alivyo. Mtoto aliyegongwa na gari huliliwa na kijiji kizima, kwa kuwa hakutenda kosa na kila mzazi ana mtoto. Lakini maelezo hayo yana mlango wa nyuma. Ikiwa masharti ya masikitiko ni kutostahili, basi aliyejitakia hana lake. Dereva aliyekuwa mlevi hana lake. Mwizi aliyeumia katika wizi hana lake.

Mlango huo ulionekana wazi tarehe 10 Agosti 2019. Huko Msamvu, katika mji wa Morogoro, kwenye barabara hiyo hiyo ifikayo Nanyala, lori la mafuta lilipinduka. Watu walikusanyika kuchota mafuta yaliyomwagika, moto ukawaka, zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha, wengine pale pale, wengine hospitalini katika siku zilizofuata. Taifa lilitangaziwa siku 3 za maombolezo. Walakini pamoja na maombolezo palikuwa na ulimi mwingine, ulionong'ona kuwa waliokufa walijitakia. Kwa kipimo cha Aristotle ulimi huo haukukosa mantiki. Lakini ulikosa kitu kingine, na kitu hicho ndicho kiini cha shauri hili. Mtu ajihatarishaye motoni kwa ajili ya dumu moja la petroli ametenda kosa, ndiyo. Lakini uchache wa kitu alichokitaka ni ushahidi wa ukubwa wa haja yake. Hata pasipo haja, hata kama ilikuwa tamaa tupu, swali labaki: je, kosa la mtu lamtoa katika eneo la huruma?

Hapa ndipo masikitiko ya kawaida yanapokoma, na huruma inayohubiriwa na Kanisa inapoanza. Kanisa halifundishi kuwa Mungu aliwahurumia watu kwa kuwa hawakustahili baya lililowapata. Lafundisha kinyume chake: kuwa wanadamu walikuwa wakosaji, na wakiwa katika kosa hilo walihurumiwa. Msamaha utolewao katika Sakramenti ya Kitubio hauna nafasi kwa mtu asiye na kosa. Ajaye pale huja kwa sababu amejitakia. Basi mwamini atokaye katika kitubio, akasema njiani kuwa fulani hastahili huruma kwa kuwa alijitakia, ameikata ngazi aliyoipandia mwenyewe.

Injili ya Mathayo yaeleza jambo hili kwa hesabu ya fedha. Mtumishi mmoja alidaiwa na mfalme talanta 10,000, akasamehewa. Kisha akamkaba mtumishi mwenzake aliyemdai dinari 100. Wasomaji wa leo hupita juu ya tarakimu hizo pasipo kuzipima. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Basi deni la kwanza lilikuwa dinari 60,000,000. Kibarua afanyaye kazi siku 300 kwa mwaka, asile wala asivae, angehitaji miaka 200,000 kulilipa. Deni la pili lilikuwa ujira wa siku 100. Na yafaa kutazamwa kuwa siku 100 si kitu cha dharau. Ni ujira wa miezi mitatu na zaidi. Maskini akidhulumiwa kiasi hicho ana haki ya kulia. Mfano huo haumwambii aliyekosewa kuwa kosa alilotendewa ni la mchezo. Wamtaka aliweke karibu na deni alilosamehewa, kisha atazame.

Kutokana na hesabu hiyo swali la ghala lapata jibu. Huruma ya Mungu imo ghalani mwa kila aliyesamehewa. Haikupandwa naye, haikununuliwa naye, na wala haipungui kwa kutolewa. Hata hivyo ni mali ya namna ya peke yake. Mwenye kukopeshwa na jirani hulipa kwa jirani. Lakini aliyepokea kwa Mungu hawezi kumrudishia Mungu kitu, kwa kuwa Mungu hapungukiwi. Basi Mdai mwenyewe ameagiza kuwa deni lake lilipwe kwa mtu wa tatu. Msamaha ulioshuka kutoka juu hautakiwi kurudi juu. Watakiwa kwenda kando, kwa mtu aliye karibu.

Na huyo wa tatu ni nani? Katika kijiji wema una mzunguko wake. Jirani akifiwa, watu huleta unga, kuni na fedha; mwaka mwingine zamu hugeuka, na aliyeletewa hupeleka. Desturi hiyo ni nguzo ya maisha ya Waafrika wengi, na mtu asiidharau. Walakini ndani yake imo kumbukumbu. Aliyekosa msibani kwa watu hujua kuwa msibani kwake watakosekana watu. Kutoa kwa namna hiyo ni kuzuri, ila hakutoshi kuonyesha kama mtoaji ana huruma au ana akiba. Mtu wa njiani huivunja hesabu hiyo. Dereva wa lori aliyetoka pwani akienda Zambia hana jina katika daftari la kijiji. Hatakuja msibani. Hatachangia harusi. Akipona atakwenda zake, na labda hatajua ni nani aliyemtoa chini ya bati. Hata lugha yake na dini yake zaweza kuwa mbali. Methali ya Waswahili yasema tenda wema wende zako, usingoje shukrani. Lakini kwa mtu wa njiani mambo hugeuka, kwa kuwa yeye ndiye aendaye zake, na mtenda wema ndiye abakiye na nguo zilizolowa damu na usiku uliopotea.

Kwa sababu hiyo barabara ni mizani kuliko kanisa. Ndani ya kanisa wote huimba pamoja, na haijulikani ni nani mwenye kuimba kwa moyo. Barabarani usiku hapana wimbo. Msamaria wa Injili alitoa divai na mafuta yake, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akalipa dinari mbili za nyumba ya wageni, akaahidi kulipa zaidi. Na Injili haisemi kama walipata kuonana tena. Tena alikuwa mtu wa dini iliyodharauliwa na wasikilizaji wa hadithi hiyo. Katika Mbozi, ambako Kanisa la Moravian lina mizizi ya tangu mwisho wa karne ya 19, na ambako Wakatoliki, Waislamu na watu wa madhehebu mengi hukaa mtaa mmoja, sehemu hiyo ya hadithi yafaa kukumbukwa. Mkatoliki asijidhani kuwa siku zote yeye ndiye Msamaria. Pengine yeye ndiye aliyelala kando ya njia, na tochi ijayo imeshikwa na mtu wa dini nyingine.

Lakini shauri hili lina wapinzani, na hoja zao zastahili kusikilizwa. Wa kwanza ni wapenda haki. Wao husema kuwa huruma isiyouliza kustahili hubomoa sheria: mlevi aliyeua abiria akihurumiwa, atarudi usukanini kuua wengine. Hoja hii ni nzito, na jibu lake si kuikana haki. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alieleza kuwa huruma haiivunji haki bali huizidi. Kama mtu anayedaiwa dinari 100 akatoa 200, hakumdhulumu mtu. Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika waraka juu ya huruma ya Mungu mwaka 1980. Mwaka uliofuata alipigwa risasi na Mehmet Ali Ağca. Mwezi wa Desemba 1983 alimwendea mtu huyo gerezani Roma, akakaa naye, akazungumza naye kama mtu azungumzavyo na nduguye. Kisha Papa alitoka, na mfungwa akabaki. Msamaha wa dola ya Italia haukuja ila mwaka 2000. Katika miaka hiyo yote sheria ilishika njia yake na huruma ikashika njia yake, wala hazikugongana. Basi dereva mwenye kosa na apelekwe mahakamani. Lakini kwanza atolewe chini ya usukani, afungwe jeraha, apewe maji. Aliye na haki ya kuhukumiwa na hakimu hana budi kufika kwa hakimu akiwa hai.

Wako wapenda haki wengine, ambao hoja yao hutoka upande wa pili. Hao huuliza: yafaa nini kuwafunga majeraha majeruhi mmoja mmoja, ikiwa mteremko hautengenezwi, na ikiwa umaskini unaowakimbiza watu kwenye mafuta yaliyomwagika hauondolewi? Mwalimu Julius Nyerere, naye Mkatoliki, alipozungumza na masista wa Maryknoll huko Marekani mwaka 1970, alisisitiza kuwa Kanisa halitakuwa kweli kwa imani yake likiwafariji maskini tu huku likinyamazia taratibu zinazowafanya kuwa maskini. Neno hilo ni la haki, na huruma haina ugomvi nalo. Huruma ikiwa na akili huuliza sababu. Ampendaye majeruhi wa leo hutaka pasiwe na majeruhi kesho, naye atadai breki zikaguliwe na barabara irekebishwe. Lakini asiyeweza kuinama kwa mtu mmoja usiku huu, ajapokuwa na mipango ya kuwaokoa elfu mwakani, yafaa mipango yake itazamwe kwa hadhari.

Mpinzani wa mwisho ni msiri zaidi, kwa kuwa hukaa moyoni mwa mwenye kuhurumia. Lugha ilikwisha kumtaja: kuonea. Iko huruma idhalilishayo. Mtoaji husimama juu, mpokeaji hulala chini, na mkono utoao huwa na uzito kuliko kitu kitolewacho. Watu wengi wamekufa na shida zao kuliko kupokea msaada wa namna hiyo. Dawa ya ugonjwa huu imo katika utaratibu wa Misa yenyewe. Kabla masomo hayajasomwa, kabla ya sadaka, padre na waamini pamoja hukiri makosa yao na kumwomba Bwana awahurumie. Hapana aliyesimama juu. Yule atakayetoa mkate kwa mwenye njaa amekwisha kuomba mkate wake. Ndipo huruma inaposhuka kama maji yapitayo katika mfereji: mfereji haujivuni, kwa kuwa hauna chemchemi.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 walitilia mkazo ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambamo jirani chache husali pamoja nyumba kwa nyumba. Kwa mambo ya huruma jumuiya hizo zina faida moja kubwa: mtu hawezi kuwa mfadhili siku zote. Juma hili hupokea wageni, juma lijalo yeye ni mgeni. Leo apeleka uji kwa mgonjwa, mwezi ujao mgonjwa ni yeye. Aliyezoea kupokea bila haya ajua kutoa bila kiburi. Walakini jumuiya nazo zina hatari yake, nayo ni kuwa duara lililofungwa, lenye kuhurumia walioandikwa katika orodha yake tu. Barabara ni neema kwa jumuiya ya Nanyala, maana huipasua duara hiyo kila usiku.

Mtakatifu Faustina Kowalska, mtawa wa Polandi aliyefariki mwaka 1938, ambaye kwa ajili yake ibada ya Huruma ya Mungu imeenea hata kituo cha hija cha Kiabakari katika Mkoa wa Mara, alifundisha kuwa huruma hutendwa kwa njia tatu: kwa tendo, kwa neno na kwa sala. Mpango huo ni wa watu wa kawaida, tena wafaa kando ya barabara. Mwenye nguvu ainue bati. Asiye na nguvu aketi karibu na utingo aliyetetemeka, amwambie neno la kumtuliza. Na asiyeweza hata hilo, kwa uzee au ugonjwa, asali kutoka kitandani mwake kwa ajili ya mtu ambaye kishindo cha gari lake amekisikia. Papa Fransisko alipotangaza mwaka wa Jubilei ya Huruma alifungua mlango mtakatifu wa kwanza huko Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, tarehe 29 Novemba 2015, kabla ya ule wa Roma, katika nchi iliyokuwa ikiumwa na vita. Maana ya tendo hilo haikuwa ngumu kufahamika: mlango wa huruma hufunguliwa kwanza pale penye jeraha.

Liko neno moja la Kiswahili ambalo watu hulitumia kila siku, hata wamesahau lilimobeba. Mtu akifa huitwa marehemu. Maana yake ni aliyerehemiwa. Lugha haiulizi kwanza alikufaje. Mzee aliyekufa kitandani akizungukwa na wajukuu ni marehemu. Dereva aliyelala usukanini ni marehemu. Na aliyekufa Msamvu na dumu mkononi ni marehemu. Waswahili, kwa hekima iliyokuja na dini na kukaa katika lugha, wamempa kila maiti jina la huruma, wala hawakumnyima mtu. Likiwa jina hilo laweza kutolewa kwa wafu wote, pasipo kuwauliza kustahili kwao, ni ajabu kuwa walio hai hunyimwa tendo lake. Mwenye tochi asimamapo juu ya mteremko, na chini yake lori lililopinduka, shehena upande huu na sauti ya mtu upande huu, hana muda wa kufungua vitabu. Na ajiulize jambo moja tu: je, atamngoja mtu yule awe marehemu ndipo amrehemu?